Tani tatu za mawe ziliingia tanurini, ikatoka mifuko 66 tu: kijana hakuiba, njooni tupige hesabu

Mwalimu wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naleta hesabu ya kemia, lakini nyuma yake kuna mshahara wa kijana wa watu, kwa hiyo naomba mnisome hadi chini.

Nafundisha twisheni hapa Ngamiani, Tanga mjini, kidato cha tatu na cha nne. Juzi mwanafunzi wangu mmoja alikuja na kaka yake. Kaka mtu ni kibarua kwenye tanuru la chokaa upande wa Kiomoni, kule kwenye mawe ya chokaa, jirani na mapango ya Amboni. Alikaa kwenye benchi la nyuma akisubiri watoto watoke. Vidole vyake vimepasuka kwa chokaa hata kukunja ngumi hawezi. Wenzake walipoondoka akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, naitwa mwizi."

Kisa chenyewe ni hiki. Mawe tani 3 yalipimwa kwenye mizani kabla ya kuingia tanurini. Yakachomwa, tanuru likapoa, likafunguliwa. Ikatoka mifuko 66 ya kilo 25, yaani kilo 1,650. Mwenye tanuru ni mgeni katika kazi hii, akapiga hesabu ya dukani: zimeingia 3,000, zimetoka 1,650, kilo 1,350 ziko wapi? Na anayelala pale usiku ni kijana huyu peke yake. Mshahara wake ukazuiwa.

Nikamwambia mdogo mtu ashike chaki, aandike ubaoni kinachotokea ndani ya tanuru:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti. Likipata moto mkali, karibu nyuzi 900 za Selsiasi, linavunjika vipande viwili: kalsiamu oksaidi, ndiyo chokaa isiyozimwa tunayotia mifukoni, na kaboni dayoksaidi, ambayo inapaa. Haina rangi, haina harufu, hakuna aliyeiona ikitoka. Lakini ina uzito.

Sasa uzito. Kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16. Moli moja (idadi maalumu ya chembe, kama dazeni) ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = gramu 100. Moli moja ya CaO ni 40 + 16 = gramu 56. Moli moja ya CO₂ ni 12 + 32 = gramu 44. Mlinganyo unasema moli moja ya jiwe inatoa moli moja ya chokaa na moli moja ya hewa. Kwa hiyo kila gramu 100 za jiwe zinatoa gramu 56 za chokaa, na gramu 44 zinapaa. Kwa kilo ni vivyo hivyo, na kwa tani ni vivyo hivyo.

Kilo 3,000 × 56 ÷ 100 = kilo 1,680.

Hayo ndiyo mavuno ya nadharia: kiasi kikubwa kabisa ambacho mawe yale yangeweza kutoa, hata tanuru likisimamiwa na malaika. Kilo 1,320 zilikuwa lazima ziondoke. Kijana ametoa 1,650. Gawanya kwa 1,680, zidisha kwa 100, unapata asilimia 98.2.

Yule kijana aliutazama ubao kimya, halafu akauliza, "Kwa hiyo hata angelala yeye mwenyewe pale, zingetoka hizi hizi?" Nikamjibu ndiyo.

Nimeleta humu kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wa mkoa wetu wanakariri mada hii bila kujua kwamba inaishi Kiomoni, kilomita chache tu kutoka darasani. Pili, kesho nakwenda na karatasi kwa mwenye tanuru. Kama kuna nilipokosea, nisahihishwe humu kabla sijakosea mbele yake.

Kidato cha Tatu

Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Mlinganyo una moja, moja na moja. Kwa nini isiwe kilo moja ya mawe inatoa kilo moja ya chokaa? Mimi kwenye mtihani nilijibu hivyo nikapata sifuri.

Mwalimu wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na ndilo linaloangusha wengi. Namba zilizo mbele kwenye mlinganyo zinahesabu vichwa, hazipimi uzito. Nenda sokoni ununue dazeni ya nazi na dazeni ya mayai. Idadi ni ile ile, 12 na 12. Hebu beba sasa: moja unaining'iniza kwenye kidole, nyingine unatafuta mkokoteni.

Moli ni kama dazeni, ila ni dazeni kubwa mno: chembe 6.022 × 10²³. Tangu mwaka 2019 idadi hiyo imewekwa kamili katika vipimo vya kimataifa, 6.02214076 × 10²³. Moli ya jiwe la chokaa na moli ya chokaa zina idadi sawa ya chembe, lakini moja ina gramu 100 na nyingine 56. Mizani inakupa gramu na mlinganyo unazungumza kwa moli, kwa hiyo kila hesabu ya aina hii ina safari moja: toka kwenye gramu uende kwenye moli, vuka mlinganyo ukiwa kwenye moli, ndipo urudi kwenye gramu. Ukivuka ukiwa umebeba gramu, umepotea.

Mpita Njia wa Raskazone

Nimekaa siti ya mbele. Nilisoma sanaa lakini leo nimeelewa kemia.

Mchuuzi wa Pongwe

Mwalimu, tusije tukatetea wezi kwa hesabu. Hiyo hewa kuwa na uzito wa tani nzima na zaidi inaingia akilini kweli? Moshi unaubeba wapi uzito huo?

Mwalimu wa Ngamiani

Ndugu yangu, hujauliza vibaya. Watu wa sayansi wenyewe walilihangaikia. Aliyelipatia jibu ni Mskochi, Joseph Black, katika miaka ya 1750. Alikuwa akichoma magnesia (unga mweupe wa kaboneti ya magnesiamu) na mawe ya chokaa, anapima kabla, anapima baada, anaona uzito umepungua. Akagundua kwamba kilichotoka ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na akaiita hivyo hivyo, hewa iliyofungwa. Mwaka 1756 akachapisha kazi yake. Kaboni dayoksaidi ilijulikana kwa njia hiyo, kwa mtu kupima mawe yake na kukataa kusema "imepotea tu".

Ukitaka kuiona kwa macho, chukua kokoto la jiwe hilo hilo la Kiomoni, lidondoshee asidi ya maabara. Linatoa povu na kuchemka bila moto. Yale mapovu ndiyo kilo 1,320 zetu.

Mzee wa Maabara

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, na nakuheshimu kwa kumsimamia kijana. Lakini usiende kesho na karatasi hiyo. Hesabu yako ni safi, mawe yako si safi.

Nimefanya kazi ya kupima mawe ya chokaa miaka mingi kabla ya kustaafu. Asilimia 98.2 kwa tanuru la kuni haipo. Mwenye tanuru akimleta mtu anayejua, atakucheka, na kijana ataonekana ana wakili muongo.

Umechukulia kwamba kilo 3,000 zote ni CaCO₃. Ndani ya jiwe la kawaida kuna udongo, kuna mchanga wa silika. Hivyo havipai. Vinaingia vikiwa kilo na vinatoka vikiwa kilo, tena vinakaa ndani ya mfuko vikihesabiwa kama chokaa. Ndiyo maana uzito wako wa kutoka umekaribia mno ule wa nadharia. Jambo la pili, muulize kijana kama kulikuwa na mawe ambayo hayakuiva, yale yenye kiini kibichi. Yaliwekwa wapi?

Pima uchafu kwanza. Saga jiwe, chukua gramu 10, tia asidi hidrokloriki hadi povu liishe kabisa, chuja, kausha mabaki, pima. Mabaki ndiyo uchafu.

Mwalimu wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Nimekupata, na nakushukuru sana. Nilikuwa najivunia ile 98 bila kujiuliza kwa nini ni nzuri hivyo. Sitakwenda kesho. Kijana ameniambia mawe yasiyoiva yalikuwepo, aliyatenga pembeni ya tanuru na bado yapo. Naomba siku mbili.

Kidato cha Tatu

Mwalimu, hiyo asidi tutatia kiasi gani? Tukitia kidogo si mawe mengine yatabaki, halafu tutasema ni uchafu?

Mwalimu wa Ngamiani

Mwanangu, hapo umegusa nusu ya mada nzima bila mimi kukufundisha. Mlinganyo ni huu:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Tuchukulie jiwe lote ni safi, tujilinde. Gramu 10 ÷ 100 = moli 0.1. Kila moli ya jiwe inataka moli mbili za asidi, kwa hiyo inahitajika moli 0.2. Asidi ya shule ina moli 2 kwa lita. 0.2 ÷ 2 = lita 0.1, yaani mililita 100. Tukitia mililita 60, asidi itakwisha kwanza, sehemu ya jiwe itabaki chini na tutaisingizia kuwa ni udongo. Tukitia 120, jiwe ndilo litakalokwisha kwanza, na kilichobaki ni kile kisichoguswa na asidi.

Kinachokwisha kwanza kinaitwa kitendanishi kikomo. Mavuno ya nadharia yanahesabiwa kutoka kwake peke yake, hata kama kile kingine kimejaa pipa. Tutatia 120, polepole, kwenye bika kubwa, tukiwa tumevaa miwani.

Mama Sabuni

Samahani mwalimu, naingilia, maana hilo la kitu kuisha kwanza limenigusa. Mimi natengeneza sabuni ya mafuta ya nazi hapa Chumbageni. Natia mafuta kilo 5 na kostiki soda gramu 800. Sabuni inatoka, ila inabaki na mafuta mafuta mkononi, na wateja wanasema haitoi povu zuri. Nikipima vipande vikishakauka wiki kadhaa napata kilo 6 na gramu 200. Nilidhani uzito mwingi ni sifa.

Mwalimu wa Ngamiani

Karibu sana mama yangu. Tupige yako.

Mafuta ya nazi, kilo moja, yanahitaji kostiki gramu 183 hivi ili yote yageuke sabuni. Kilo 5 zinataka gramu 915. Wewe umetia 800. Kostiki imekwisha njiani, mafuta yamebaki yakiisubiri. Gramu 800 zinatosha mafuta kilo 4.37 tu (800 ÷ 183). Kilo 0.63 zimebaki mafuta kama zilivyotoka kwenye nazi, na ndiyo hayo mkononi.

Sabuni halisi ni kiasi gani? Kostiki moli moja ni gramu 40, kwa hiyo umetia moli 20. Kila moli tatu za kostiki huachia moli moja ya glisarini, na moli ya glisarini ni gramu 92. Moli 20 ÷ 3 × 92 = gramu 613. Mafuta yaliyoitika gramu 4,370, ongeza kostiki 800, toa glisarini 613, zinabaki gramu 4,557. Sabuni yako ni kilo 4.56. Hizo 6.2 za mizani zina sabuni 4.56, glisarini 0.61, mafuta yaliyobaki 0.63, na maji karibu 0.4 ambayo hayajakauka.

Usikimbilie kutia 915 kamili. Mafuta ya nazi hayafanani pipa kwa pipa, na kostiki ikizidi inaunguza ngozi ya mteja. Watengenezaji wengi huacha mafuta kidogo yazidi, kama asilimia 5. Anza na gramu 870, na upime kwa mizani ya gramu, usikadirie kwa kikombe.

Mama Sabuni

Allah akuzidishie mwalimu. Miaka mitatu napima kwa kikombe cha chai. Leo natafuta mizani.

Mwalimu wa Ngamiani

Wakuu, narudi na majibu.

Tulisaga jiwe, tukapima gramu 10.0, tukatia asidi mililita 120 kwa kijiko. Povu lilipanda hadi karibu na mdomo wa bika, likashuka, tukaongeza, likapanda tena. Lilipokoma kabisa tulichuja. Kwenye karatasi ya kuchujia palibaki tope la rangi ya kahawa, jembamba, ungedhani mtu amemwaga chai ya maziwa. Tulikausha, tukapima, tukatoa uzito wa karatasi: gramu 0.5. Uchafu ni asilimia 5.

Halafu nikaenda Kiomoni mwenyewe. Mawe yasiyoiva yalikuwa pale pale alipoyaweka. Tuliyapima yote, kilo 90. Nikapasua moja kwa nyundo: nje jeupe na laini kama unga wa muhogo, ndani kijivu, gumu, jiwe lile lile lililotoka mlimani. Moto haukufika. Sasa hesabu mpya, mzee anikague.

Mawe yaliyoungua: 3,000 − 90 = kilo 2,910 (nayahesabu yale 90 kama mabichi yote, ingawa maganda yake yameiva kidogo).
CaCO₃ ndani yake: 2,910 × 0.95 = kilo 2,764.5.
Chokaa: 2,764.5 × 0.56 = kilo 1,548.
Uchafu uliobaki: 2,910 × 0.05 = kilo 145.5.
Jumla iliyotakiwa kutoka: karibu kilo 1,694.

Mifukoni zimo 1,650. Pengo ni kilo 44 hivi. Nilikuwa nataka kulijua pengo hilo hata kama lingemwangukia kijana. Nikamuuliza mbele ya mwenye tanuru: vumbi la chini ulipofagia ulilipeleka wapi? Akanionyesha lundo la majivu nyuma ya tanuru. Majivu ya kuni ni ya kijivu, lile lundo lilikuwa na mishipa myeupe. Nikachota koleo moja, nikalinyunyizia maji. Likatoa mvuke, likavimba, likapasuka kwa sauti ndogo ndogo, na bati tulilolitumia likawa la moto hata halishikiki. Majivu matupu hayafanyi hivyo. Ni chokaa isiyozimwa iliyofagiwa pamoja na majivu, na kila tanuru la kuni linakuwa nayo.

Na asilimia ya mavuno sasa ni ipi? Kati ya kilo 1,650 za mifukoni, chokaa halisi ni kama kilo 1,508. Mavuno ya nadharia kwa mawe yote tani 3 yenye usafi wa asilimia 95 ni 3,000 × 0.95 × 0.56 = kilo 1,596. Mavuno ni asilimia 94.5. Si 98, mzee ulisema kweli.

Mwenye tanuru alisoma karatasi mara mbili. Akaniuliza, "Hii 44 kwa 100, kila nikichoma itaondoka?" Nikamwambia kila ukichoma, hata ukiweka askari kumi mlangoni. Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na mshahara wa kijana. Niliomba pia glavu na miwani, maana chokaa ile ikiingia jichoni haina msamaha. Glavu zimenunuliwa. Miwani ameahidi.

Mzee wa Maabara

Nimekagua. Iko sawa. Ongeza neno moja kwa huyo bwana: mifuko isikae wazi na hewa yetu hii ya bahari. Chokaa hiyo inakunywa unyevu. Mfuko wa kilo 25 ukinywa hadi kushiba unafika kilo 33, maana 56 inageuka 74. Akipima baada ya mwezi akakuta kilo zimeongezeka, asije akadhani tanuru lina baraka.

Mchuuzi wa Pongwe

Mwalimu, naondoa neno langu la wezi. Nimekosea, na mfikishie kijana samahani yangu.

Mwalimu wa Ngamiani

Nitamfikishia, ndugu. Asante kwa uungwana.

Sasa zoezi kwa vijana. Tani 2 za mawe, usafi asilimia 92. Chokaa isiyozimwa ni kilo ngapi kwa nadharia? Na inataka maji lita ngapi ili izimike yote? CaO + H₂O → Ca(OH)₂.

Kidato cha Tatu

Mwalimu, 2,000 × 0.92 = 1,840. Mara 0.56 = kilo 1,030.4 za chokaa. Maji: 1,030.4 × 18 ÷ 100 = lita 185.

Mwalimu wa Ngamiani

Chokaa umepata. Maji bado. Ile 100 ni ya jiwe, na jiwe limeshakufa tanurini. Sasa unaye nani mkononi?

Kidato cha Tatu

Aaa. Ninayo CaO, ni 56. 1,030.4 × 18 ÷ 56 = 331.2. Lita 331.

Mwalimu wa Ngamiani

Sahihi. Na ukizima kwenye shimo utatia zaidi ya hapo, kwa sababu joto lake linageuza maji mengine kuwa mvuke kabla hayajaitika. Njoo kesho saa kumi na daftari, na mwambie kaka yako aje nawe. Ameniomba nimfundishe kuandika hizi hesabu mwenyewe kabla tanuru halijawashwa tena.